Msingi Uliochimbwa kwa Neno la Mtani

Kambi ya ujenzi,
Mikumi, Wilaya ya Kilosa.
Jumapili.

Dada yangu Kulwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itafika Sikonge ikukute unainua jembe bila kushika kiuno, na baba ameacha kubishana na mguu wake, sasa anaukanyaga. Mmeshaanza kuchuma tumbaku? Bani la kukaushia mmeliezeka upya au bado linavuja pale pale? Nijibu moja moja. Usiniandikie “sisi hatujambo” kama ulivyofanya mara iliyopita, maana ulinificha kwamba baba alianguka, nikaja kuzisikia habari zake kwa dereva wa lori.

Najua baba amekaa hapo karibu nawe, ametega sikio, anaziangalia kurasa unavyozishika. Kipande kinachofuata msomee kwa sauti. Nitakuambia pa kukomea.

Baba, shikamoo. Mwanao Shija ni mzima. Zahanati yetu imepanda, kuta zimevuka madirisha, na mtu akisimama kwenye barabara ya lami anaziona nyekundu katikati ya miti. Watu wa hapa wananiita Bwana Ramani kwa sababu kila siku natembea na ramani kwapani. Tembo bado ni wengi. Wiki hii mmoja alivuka reli kwa maringo, dereva wa treni ya Kilosa akasimamisha gari moshi akamngoja amalize, kama anavyongojwa mkuu wa wilaya. Chakula kipo, homa sijaugua. Usisumbuke kunitumia asali, nitakuja kuila huko huko. Na lile jembe langu ulilolitundika darini siku niliyoondoka, ukasema asiliguse mtu kwa kuwa mwanao sasa analima kwa kalamu, nalikumbuka kila siku.

Hapo basi, dada. Kunja karatasi, mwambie barua imekwisha. Haya mengine nenda kayasomee bani, au chumbani kwako, ila usiyasome mbele yake.

Dada, nimepotea. Sijui neno jingine. Silali vizuri, na kesho kutwa nitasimama mbele ya kikao cha wilaya huko Kilosa, na lolote nitakalosema litamvunja mtu. Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo wewe ndiye nitakayekueleza tangu mwanzo, hata kama utanitukana.

Kwanza uelewe kazi yangu, maana najua unadhani mimi ndiye ninayejenga. Unakumbuka mshenga aliyekuja kukuposa, yule mzee aliyetembea na mwavuli hata kiangazi? Baba hakuzungumza na wakwe ana kwa ana. Kila neno lilipita kwa mshenga, na neno lisilopita kwake halikuwa neno. Mkataba wa ujenzi ni hivyo hivyo. Mwenye jengo ni ofisi ya wilaya, kwa niaba ya kijiji. Mjenzi ni ushirika wa mafundi wa Kilosa. Katikati yao yuko msanifu majengo, aliyechora ramani, anayekaa Dar es Salaam. Huyo ndiye mshenga. Mimi ni mtu anayetumwa na mshenga kukaa ukweni, kuangalia kama ng'ombe waliotajwa ndio walioletwa. Naangalia, naandika, napeleka habari. Kuongeza ng'ombe au kupunguza si juu yangu. Neno la kubadili jengo linatoka kwa msanifu peke yake, nalo linatoka kwa maandishi yenye sahihi yake. Jambo hili nililijua kabla sijapanda treni kuja huku.

Mkuu wa ule ushirika wa mafundi ni mzee mmoja anaitwa Yeremia. Ni Mkaguru wa milimani juu ya Kilosa, alijifunza uashi kwa kujenga makanisa na shule za misheni tangu ujana wake. Akishika timazi, ukuta wenyewe unanyooka kwa aibu. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Unyamwezi aliweka mwiko chini, akapiga makofi.

“Ala! Wameniletea mtani! Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu za watu vichwani, wakatuomba maji. Leo umerudi kuomba nini?”

“Nimerudi kuwafundisha kutembea,” nikamjibu. “Nasikia nyie watu wa milimani mkifika tambarare bado mnainama.”

Ikawa ndiyo salamu yetu. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba kwa heshima zote, halafu ndipo matusi yanaanza. Mafundi wakawa hawashiki kazi mpaka wasikie nani kamshinda mwenzake. Unajua utani ulivyo, dada, maana umekulia ndani yake. Mtani anachukua kofia yako, humwiti mwizi. Anakutukana msibani, hukasiriki. Ukikasirika unalipa kuku, na watu wanakucheka mpaka ukome. Na siku ya kufa ni yeye anayekuchimbia kaburi.

Sasa sikia. Tulipokuwa tunachimba msingi wa upande wa kujifungulia akina mama, nilishuka mtaroni na mtaimbo. Ramani ilisema tuishie kwenye kina fulani, na tulikuwa tumekifikia. Nikauchoma mtaimbo chini, ukazama kama kwenye ugali. Ulikuwa ule udongo mweusi wa mbuga, dada, ule ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unaingia, na masika unavimba unainua chochote kilicho juu yake. Kujenga pale ni kuwajengea wazazi chumba kitakachopasuka katikati. Wale waliopima kiwanja walikuwa wamechimba mashimo yao upande wa pili, kwenye udongo mwekundu mzuri.

Nikamwandikia msanifu Dar es Salaam. Jibu halikuja. Nikaandika tena, kimya. Baadaye ndipo nikasikia amehamishwa, na mrithi wake bado hajafika. Mtaro uko wazi, kingo zinaanza kubomoka, na wanakijiji waliotoka kwenye mashamba yao ya ujamaa kuja kujitolea wamekaa juu ya sururu wananitazama. Mama Zaituni, anayewaongoza wanawake wanaobeba maji na tofali, akaniuliza: “Bwana Ramani, tunajenga au tunazika?”

Nikamgeukia Mzee Yeremia. Nikasema mbele ya wote, “Mzee, chimba mpaka ukute udongo mgumu. Halafu weka nondo na zege pana chini.”

Hakuuliza mara mbili. Alikwisha kuuona udongo mwenyewe. Ila mimi, kwa kujua sheria ya kazi, nikachana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika maneno yale yale, nikatia sahihi, nikampa. Nikamwambia, “Hii ikulinde mpaka msanifu aandike ya kwake. Na wewe nitilie sahihi hapa, ziwe sahihi mbili.”

Mzee akaipokea ile karatasi. Akaigeuza, akaisoma, maana anasoma vizuri kuliko wengi. Kisha akatoa tumbaku mfukoni, akaimimina juu ya maagizo yangu, akaviringisha, akawasha. Mafundi wakaanguka kwa kicheko.

“Karatasi ni ya watu wasiojuana,” akasema huku moshi unamtoka. “Mtani akisema chimba, nachimba. Au unataka nikuonyeshe sahihi ya babu yako aliyepewa maji?”

Na mimi nikacheka, dada. Ningefanyaje? Kumwandikia nyingine ingekuwa kukasirika, na kukasirika kwa mtani ni kumwambia sisi si watani tena. Kumshurutisha mzee ninayemwamkia shikamoo atie sahihi mbele ya vijana wake ilikuwa ni kumwambia neno lake halitoshi. Nikafikiri msanifu mpya akija nitamweleza, ataandika, yatakwisha. Siku ile hata nilijiona nimekuwa mwenyeji.

Na usidhani sikuwa najua faida ya kuandika. Miezi michache kabla, tembo walipita kwenye tofali mbichi zilizoanikwa wakazifanya uji. Mkataba umetaja mvua, umetaja moto, umetaja hata vita. Tembo haukuwataja. Niliandika habari ile siku ile ile, msanifu wa zamani akajibu, mafundi wakaongezewa muda bila ugomvi. Tembo waliandikiwa. Mtani wangu hakuandikiwa.

Basi wakachimba. Wakafika kwenye udongo mgumu, na lile shimo lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Saruji iliyowekwa kwa ajili ya linta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ikaliwa na msingi. Saruji nyingine tukaiagiza kwa treni, na unajua siku hizi saruji inavyosakwa. Muda wa kumaliza kazi ulioandikwa kwenye mkataba ukatupita. Mzee Yeremia hakutaka vijana wakae bure, akapandisha kuta za juu kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji, akitegemea linta na bati zitazifunika kabla ya masika. Kwa kiangazi ukuta ule ni imara. Mvua ikiunyeshea kichwani kabla haujaezekwa, unakunywa maji mpaka unalala.

Msanifu mpya akaja mwezi huu pamoja na afisa wa wilaya. Ni kijana wa rika langu, mpole, si mtu wa kuchongea watu. Alipima, akalinganisha na ramani, akaona saruji iliyotumika na muda uliopotea. Akauliza alichokuwa na haki ya kuuliza.

“Nani aliagiza msingi huu uchimbwe namna hii?”

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, dada. Mzee Yeremia akanitangulia.

“Mimi,” akasema. “Mimi ni fundi, niliona udongo ni mbaya, nikachimba.”

“Bila maagizo?”

“Ningeagizwa na nani? Na huyu?” Akaninyooshea mwiko. “Huyu Mnyamwezi anajua nini cha msingi? Kazi ya kwao ni kubeba mizigo.”

Watu wakacheka, hata yule afisa akacheka. Nilielewa alichokuwa anakifanya. Alikuwa ananificha nyuma ya utani, mbele ya macho ya watu wote, na ningesema “si kweli” pale pale ningeonekana ninashindana matusi tu. Nikanyamaza. Nikajiambia nitamfuata msanifu pembeni. Lakini gari lao lilikuwa linanguruma, afisa ana safari ya Kidatu, wakaondoka.

Barua ikaja baada ya hapo. Mjenzi amebadili kazi bila maagizo ya maandishi na amepitisha muda. Kazi isimame. Kikao cha wilaya kitaamua kama ushirika uondolewe na jengo wapewe wengine. Na kuna mstari wa mwisho ulionikata maini: ichunguzwe kama matumizi ya saruji ya umma yalikuwa hujuma. Unajua neno hilo siku hizi lina uzito gani. Mzee wa watu, aliyejenga nusu ya shule za milimani, aitwe mhujumu.

Kibaya zaidi, mpaka kikao kiamue hakuna wa kugusa jengo. Sababu yake naijua na nisingeipinga kama ingekuwa jengo jingine: wakiondolewa hawa na kuja wengine, lazima ipimwe kazi ya nani imeishia wapi, na mtu akiongeza hata tofali moja hesabu inaharibika. Mgambo amewekwa pale na rungu. Kuta ziko uchi, wingu limekaa juu ya milima tangu Jumatano, na bati zimelala ghalani.

Nilipanda treni kwenda Kilosa kumwona. Anakaa Mabwerebwere, nyumba ya vyumba viwili na ua mpana wenye vipande vya mbao za kenchi za paa. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ananoa mwiko ambao hauhitaji kunolewa. Mkewe akanikaribisha kiti, akaniletea uji, akaingia ndani. Hata yeye alikuwa hanitazami usoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mbeba pembe. Umekuja kuomba maji?”

“Nimekuja kukuomba useme kweli.”

Hakucheka. Akauweka mwiko chini. “Kweli gani? Niliona udongo mbaya nikachimba. Hiyo si kweli?”

“Mimi ndiye niliyekuagiza. Ukisema niliagiza, lawama inatoka kwenu inakuja kwetu. Mtaongezewa muda, mtarudi kazini, mtafunika kuta.”

“Na wewe?”

Nikaukoroga uji.

“Unaona,” akasema. “Hukuwa na ruhusa ya kuagiza. Nimejenga kwa mikataba kabla hujaota meno, unadhani sijui? Wewe wataichukua kalamu yako wakufukuze. Umeniambia mwenyewe una baba mgonjwa wa mguu na dada anayelima peke yake. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wakiniondoa, nitarudi milimani nikalime maharage.”

“Na wakikuita mhujumu?”

Hapo aliuokota tena mwiko, akaufuta kwa kiganja.

“Mimi ndiye niliyeivuta ile karatasi,” akasema. “Ulinipa, nikaivuta. Basi. Na nikifa wewe ndiye utakayenichimbia kaburi, mtani. Sijui siku hiyo utachimba kina gani bila maandishi.”

Akacheka mwenyewe. Mimi nikalia, dada, mtu mzima mwenye ndevu, juu ya bakuli la uji. Nilipoondoka akanisindikiza mpaka njia ya stesheni na kunikataza: “Nimeshasema mbele ya watu kwamba ni mimi. Ukienda kusema ni wewe, unanifanya mwongo mbele ya wilaya nzima. Mzee kama mimi. Usinifanyie hivyo.”

Ndipo hapo nilipokwama. Nikinyamaza, wanamvunja kwa kosa langu. Nikisema, namvua nguo mbele ya watu, naye ametetea jina lake kwa miaka yote kwa neno lake tu, na mimi napoteza kazi, pengine na mimi niulizwe ya hujuma. Nimezunguka na jambo hili kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta.

Jana mchana mvua ilinyesha. Haikuwa masika yenyewe, ilikuwa ya kuonja tu, muda wa kupika chai na kuinywa. Nilitoka mbio. Wanawake walikuwa wameshafika, wamesimama kwenye kamba aliyoifunga mgambo, kila mmoja na kitu alichokibeba, huyu mkeka, huyu mzigo wa nyasi alizozikata kwa paa lake mwenyewe. Maji yalikuwa yanaingia kwenye vichwa vya kuta na kutoka chini yakiwa mekundu. Mama Zaituni akaruka kamba. Akavua kanga ya juu, akapanda kwenye jukwaa la mafundi, akaitandika juu ya ukuta wa chumba cha kujifungulia.

“Mama, shuka,” mgambo akamwambia. “Nakuomba. Nitafungwa mimi.”

“Tofali hizi nimezibeba mimi. Binti yangu anahesabu wiki. Unataka akajifungulie kwenye lori la Kilosa kama mimi nilivyojifungua?”

“Hata mke wangu kazibeba. Shuka, mama.”

Akashuka. Ile kanga akaiacha pale. Safu za juu za ukuta wa ghala ya dawa zikateleza taratibu zikaanguka kwa ndani, bila kishindo kikubwa, na hakuna aliyepiga kelele. Chumba cha kujifungulia hakijaanguka. Lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hakuna ukuta utakaobaki hapa, na msingi ule mzuri tuliougombania utabaki chini ya tope bila kazi. Mama Zaituni alinipita bila kunisalimu. Alinisikia nikiagiza siku ile, lakini hakujua kwamba ni kimya changu mbele ya msanifu kilichosimamisha kazi. Ningependa angejua akanitukana.

Usiku wote nilikuwa naiwaza ile kanga, na leo kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Ila tulipokuwa tunatoka, vijana wawili wa ushirika waliokuja kuchukua vyombo vyao walinikuta mlangoni, mmoja akanitania kwa mazoea, “Mnyamwezi mwongo wee, unasali nini?” Nikacheka bila kutaka. Na nikiwa bado nacheka ndipo nilipoona njia.

Dada, kuna mtu mmoja tu katika wilaya hii anayeweza kumwita Mzee Yeremia mwongo mbele za watu na asimvunjie heshima. Ni mimi. Akimwita hivyo msanifu, ni tusi. Akimwita hivyo afisa, ni kesi. Nikimwita mimi, ni salamu yetu ya asubuhi. Kwa hiyo kesho kutwa nitasimama pale Kilosa, nitamwamkia shikamoo mbele ya kikao kizima, ataniitikia marahaba, maana hawezi kuacha. Halafu nitasema: “Mnamwamini mzee huyu? Huyu ni mwongo tangu babu zake. Watu wa milimani tangu lini wakajua udongo wa tambarare? Aliyeagiza ni mimi. Nilimpa karatasi, akaivuta na tumbaku, waulizeni mafundi wake waliocheka, waulizeni akina mama wa kijiji.” Mzee hatakasirika. Hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika ananilipa kuku.

Baada ya kicheko nitaongea ya kikazi. Mkataba una mlango mmoja mdogo: neno lililotolewa kwa mdomo na mtu wa msanifu, msanifu mwenyewe akilithibitisha baadaye kwa maandishi, linahesabiwa kama liliandikwa. Nitamwomba msanifu mpya achome mtaimbo kwa mkono wake kando ya msingi ule, kwenye udongo mweusi ambao hatukuugusa. Akithibitisha, mafundi wanarudi siku ile ile, na bati zinapanda. Kama hatathibitisha, basi walau hujuma waiulize kwangu. Naogopa, sikufichi. Kila nikisikia radi kule juu ya milima naogopa zaidi, kwa sababu mvua haitangoja kikao.

Kwa vyovyote mimi kazi hii imekwisha. Aliyetumwa na mshenga akaongeza ng'ombe kwa akili yake, hata kama ng'ombe walihitajika, hatumwi tena. Sitaweza kuwatumia kitu mwezi ujao, na ile ahadi ya kuwaezekea bani kwa bati nakuomba uisahau. Nilitaka sana, dada. Nilishachora hata ramani yake.

Sasa nisalimie watu. Msalimie pacha wako Doto na mkewe, mwambie baiskeli aiangalie, nitaihitaji. Msalimie shemeji, mumeo, kama amerudi kutoka porini kwenye mizinga ya nyuki, na asali yake. Msalimie mama mdogo, mke wa baba mdogo marehemu, na umwambie dawa ya macho sikuipata Morogoro lakini bado naiulizia. Wasalimie wajomba wote, na yule mwalimu wako wa kisomo cha watu wazima, umwambie mkono wake umezaa matunda, maana sasa kuna mtu nyumbani wa kusoma habari mbaya. Baba usimsalimie tena, nilishamsalimia kule mwanzo nikiwa mtu mwenye kazi.

Nakuomba na jambo moja la mwisho. Lile jembe langu lililo darini, lishushe. Baba akiuliza, mwambie umeona mchwa kwenye mpini.

Mdogo wako uliyemlea,
Shija.